Gesi Chumbani kwa Mama Mkwe

Bia ilihamia chumbani kwa mama mkwe Jumapili mchana, mwenyewe akiwa kwenye mazoezi ya kwaya, na uamuzi huo ulipitishwa na watu wazima wawili waliojiona wana akili zao. Fundi Pancha, mwenye nyumba, alishika friji upande wa juu. Mkewe, mshonaji, alishika upande wa chini na kulalamikia mgongo kutoka sebuleni hadi chumba cha nyuma. Ndani ya friji hiyo kuukuu mlikuwa na pipa la chuma lililojaa bia aliyoipika Fundi mwenyewe jikoni. Mlango wa friji ulitobolewa, ukatokezwa koki ya kumiminia. Pembeni, mrija ukiingia ubavuni mwa friji, ulisimama mtungi wa gesi ya kusukuma bia na kuitia povu.

"Sebuleni haiwezi kukaa," Fundi alisema akihema. "Sebuleni analala Kiu."

Kiu alikuwa mdogo wake mshonaji, aliyekuja mwaka juzi kukaa siku mbili tatu. Jina lake la kuzaliwa lilikuwepo, ila hakuna aliyelihitaji tena. Bia ya Fundi ilikuwa ya Jumamosi, siku ya kufungua karakana mpya, yenye paa, baada ya miaka yote ya kuziba pancha juani kando ya barabara. Wateja walishaalikwa. Kwa hiyo tangu pipa lilipojazwa, Fundi alikuwa akimtazama Kiu kama mtu anayemtazama paka karibu na samaki.

"Kwa Mama basi," mkewe alisema. "Nyumba nzima hii ni yeye tu asiyeweza kuigusa."

Hapo alisema kweli tupu. Mama yake alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha kina mama wanaopiga vita ulevi, mtu wa kuvuka barabara ili asipite mbele ya baa, na alikuwa hapo kwa binti yake kwa ajili ya matibabu ya macho tu. Aliporudi kutoka kwaya alisimama mlangoni mwa chumba chake, mkoba kwapani, akaitazama ile friji.

"Hiki nini?"

"Friji, Mama," Fundi alijibu, macho chini.

"Friji naijua. Hiki kinachotoka tumboni mwake?"

"Koki, Mama. Ni mpaka Jumamosi tu. Tumeona wewe ndiye mlinzi wa kuaminika."

Mama aliguna. Kuaminiwa ni kutamu, hata ukiaminiwa kwa jambo usilolipenda. Akakubali kwa masharti yake: dirisha lifungwe na pazia livutwe mchana na usiku, mpita njia asije akaona mwenyekiti analala na koki ya bia. Kisha akatoa kitambaa chake cheupe cha kufuma, akaifunika friji vizuri, koki ikabaki imechomoza kidogo kama pua ya bibi harusi.

*

Sasa nikwambie mapema, usije ukamdhania vibaya mama wa watu kama walivyomdhania wao: mtungi ulikuwa unavuja.

Muuza gesi alikuwa amemwonya Fundi. Alimwambia hii ni kaboni dayoksaidi, ileile tunayoitoa puani, haina harufu wala rangi, ni nzito kuliko hewa na hutulia chini kama maji. Mtungi usimame wima na ufungwe mnyororo. Usiwekwe chumba cha kulala wala mahali pasipo na dirisha wazi. Na pale regyuleta, kifaa cha kupunguza nguvu ya gesi, inapokazwa kwenye mtungi iwekwe hii ringi nyeupe ya plastiki, si nyingine. Fundi aliitikia kwa kichwa kwa heshima yote huku akiwaza mambo ya paa.

"Ndugu yangu," alimwambia muuza gesi, "mimi na upepo tumezeeka pamoja. Tangu asubuhi hadi jioni unanipulizia usoni, na sijawahi hata kupiga chafya."

Ile ringi nyeupe ilimponyoka siku ya kufunga mtungi, ikazama kwenye tundu la bafu. Mtu mwingine angerudi dukani. Fundi alichukua mkasi wa mkewe, akakata ringi nyeusi maridadi kutoka kwenye tyubu ya baiskeli, akaikaza, akajipongeza. Na gesi ikaanza kutoka taratibu, bila kelele, ikitambaa sakafuni mwa chumba kilichofungwa ambamo mama mkwe alikuwa amelala kwenye kitanda cha miguu mifupi.

*

Jumanne Fundi aliunyanyua mtungi kidogo, kwa mazoea tu, mkono ukamwambia kitu. Mkono uliobeba matairi maisha yake yote haudanganyiki kwa uzito. Mtungi ulikuwa umepungua. Na gesi kazi yake ni kusukuma bia. Gesi ikipungua, basi kuna aliyemimina.

"Shemeji," alimwita Kiu, "hebu fungua mdomo."

"Nifungue mdomo kwa nini?"

"Nikunuse."

Kiu akafungua mdomo. Fundi akanusa, mshonaji naye akaitwa akanusa, wakatazamana. Harufu ilikuwa ya kitunguu. Ni jambo la kudhalilisha mtu mzima kusimama jikoni akinuswa na dada yake, na Kiu alilisema hivyo, kwa uchungu wa mtu ambaye safari hii, kwa maajabu, hana kosa.

"Kila kitu Kiu, kila kitu Kiu," alisema. "Siku mvua isiponyesha mtasema nimeinywa."

Hawakumwamini. Mshonaji akatoa uzi mweusi kwenye cherehani yake, akaufunga kati ya fremu na kitasa cha mlango wa mama yake kila mama alipotoka, mwembamba kiasi kwamba ungekatika kwa kikohozi. Jioni uzi ulikuwa mzima. Mtungi ulikuwa mwepesi zaidi.

Kwa nini hakuna aliyefikiri kulinyanyua pipa lenyewe? Nimejiuliza pia. Fundi alikuwa amesikia kwamba bia ikitikiswa hukasirika, ikaharibika povu, hivyo alipiga marufuku mtu yeyote kuligusa, na marufuku hiyo aliitii yeye mwenyewe kuliko wote.

Wakati huohuo mama mkwe alikuwa akiamka vibaya. Alitoka chumbani akishika ukuta, macho mekundu, pumzi juujuu kama aliyepanda ngazi.

"Kichwa kinanigonga," alisema mezani, akisukuma chai mbali. "Na mbu. Jamani, mbu wote wa mtaa huu wamehamia kwangu. Nyie wanawauma?"

"Hapana, Mama," mshonaji alisema.

"Basi kuna kitu wanakifuata chumbani kwangu."

Mbu walikuwa na akili kuliko watu wa nyumba hiyo. Wao hufuata pumzi, na chumba kile kilikuwa kimejaa kitu kinachofanana na pumzi ya kijiji kizima. Lakini Fundi hakuwa akiwaza mbu. Alikuwa akimtazama mama mkwe wake anavyoshika ukuta, na mwendo ule aliujua. Aliuona kila Jumatatu asubuhi, kwa Kiu.

Jikoni alimnong'oneza mkewe, "Uzi ulikatika?"

"Haukukatika."

"Basi aliyemo ndani ndiye."

"Mama yangu hanywi."

"Sijasema anakunywa. Nimeuliza habari za uzi."

Mshonaji aliosha sahani moja kwa muda mrefu sana. Kisha akaanza kucheka, cheko lile baya linalokuja msibani, akaziba mdomo kwa kitambaa cha sahani. Fundi naye likamshika. Wakacheka wakiwa wameegemeana, machozi yakiwatoka, wakimfikiria mwenyekiti wa vita dhidi ya ulevi akipiga magoti mbele ya koki usiku, kilemba kichwani. Walipomaliza kucheka, kila mmoja aliona aibu peke yake.

*

Kusema ilibidi kusemwe. Lakini nani amwambie? Mkwe hamwambii mama mkwe wake neno kama hilo, na binti alisema ulimi wake hautanyanyuka. Akatumwa Kiu. Tangu azaliwe hakuwahi kupewa ujumbe uliompendeza hivyo.

Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, alikaa kwenye kiti karibu na mama yake sebuleni na kuvuta sauti ya upole ambayo hakuna aliyejua anayo.

"Mama, mimi sikuhukumu."

"Unihukumu kwa lipi?"

"Hata mimi nilianza hivihivi. Mtu unajiambia leo naonja tu."

"Unaonja nini?"

"Mama, uzi haukukatika."

"Wewe mtoto una homa? Uzi gani?"

"Gesi inapungua," Kiu alisema, akihesabu kwa vidole. "Chumbani hakuingia mtu. Na aliyemo anaamka akishika ukuta. Ushauri wangu ni kula kwanza. Bia na tumbo tupu havielewani."

Uso wa mama ulielewa polepole, na kila ulipoelewa kidogo ulizeeka kidogo.

"Waite hao walioko nyuma ya pazia," akasema.

Pazia la jikoni lilitikisika, wakatoka wawili, Fundi ameshika kikombe kitupu kama shahidi wake.

"Mkwe wangu, maneno haya umeyatuma wewe?"

"Mama, si kwamba..."

"Nimeuliza, umeyatuma?"

"Nimeyatuma."

Akamgeukia binti yake. "Na wewe niliyekuzaa?"

"Mama, kila asubuhi kichwa, macho mekundu, unayumba. Ungekuwa wewe ungefikiri nini?"

"Ningefikiri mama yangu anaumwa."

Kiu mwenyewe alijutia kazi yake, akatazama dari.

"Kesho asubuhi napanda basi narudi kwangu," mama alisema. "Macho yatajiponya. Ila mjue nikirudi kabla ya matibabu kwisha, wenzangu wa kikundi watauliza nimerudi kwa nini, na mimi kusema uongo siwezi. Nitawaambia nimesingiziwa ulevi na wanangu. Nusu wataniamini mimi, nusu watawaamini nyie. Uenyekiti wangu umeishia hapa sebuleni."

Alisimama akishika ukuta, akaingia chumbani, akafunga mlango. Wakasikia kitu kikiburutwa. Alikuwa anasukuma zulia dogo chini ya mlango, wasimsikie akilia. Aliliziba pengo lote vizuri, maana alikuwa mtu wa kufanya kazi kikamilifu, akajilaza na nguo zake za kutokea.

*

Fundi alikimbilia karakanani kwa sababu nyumbani mkewe alikuwa amekaa mbele ya cherehani bila kushona. Alikuta mteja anamngoja, mwalimu fulani mwenye baiskeli na hasira.

"Gurudumu la nyuma," mwalimu alisema. "Kila asubuhi nalikuta chini. Kuna mtu ananifungulia upepo. Namjua. Jirani yangu, yule wa geti la kijani. Leo nimemtukana mbele ya watoto wake."

Fundi alishamjibu mteja wa namna hiyo mara nyingi hata hakuhitaji kufikiri. Mikono ilivua tairi, mdomo ukasema wenyewe.

"Mwalimu, kabla hujamshuku mtu, tuulize maji kwanza."

Akaitoa tyubu, akaijaza upepo, akaizamisha kwenye beseni la maji ya sabuni, akaizungusha taratibu. Vipovu vikapanda kwa mstari, vidogo, vingi, vya furaha.

"Unaona?" alisema. "Hakuna mwizi hapa. Panavuja."

Akabaki ameinama juu ya beseni. Mwalimu alisubiri, akaona fundi haendelei, akadhani ni mgongo.

"Fundi?"

Fundi alikuwa anaitazama tyubu mkononi mwake, mpira mweusi, laini, sawasawa na ule aliokata ringi. Akakumbuka chumba kilichofungwa dirisha. Akakumbuka kile kitu kilichoburutwa nyuma ya mlango. Maneno ya muuza gesi, ambayo wiki nzima yalikuwa yamelala mahali fulani nyuma ya mawazo ya paa, yakaamka yote kwa pamoja. Hakuogopa hivyo hata siku aliyoangukiwa na jeki.

"Mwalimu, kamwombe msamaha jirani yako," alisema, na kabla mwalimu hajauliza, alikuwa ameshatoka mbio na chuma cha kung'olea tairi mkononi. Nyumbani hapakuwa mbali. Siku hiyo palionekana mbali.

*

"Mama," aligonga mlango. "Mama, fungua."

Kimya.

"Kanuna," mkewe alisema kutoka kwenye cherehani. "Mwache."

"Hajanuna. Kuna gesi humo."

Kiu alisikia, akautupia mlango bega lake. Ulifunguka nusu, ukakwama kwenye zulia, na tayari alikuwa ameingiza mguu mmoja Fundi alipomkamata kola ya shati na kumrudisha nyuma.

"Usiingie. Ukianguka humo nani atakubeba? Mimi sikuwezi. Usukume mlango mpaka mwisho, usimame hapohapo."

Akazunguka nje, akachomeka chuma chake kwenye dirisha, akaling'oa na fremu yake. Hewa ikapita upande kwa upande, pazia likaruka kama limeachiwa huru. Mshonaji alikuwa ameshika mashavu yake akiita Mama, Mama, kwa sauti ya msichana mdogo. Fundi hakujiruhusu kuisikia. Alingoja kidogo kadiri moyo wake ulivyoweza kungoja, akavuta pumzi kubwa, akaifunga kifuani, akaruka dirishani. Alifunga valvu ya mtungi. Akashika shuka la kitandani kwa ncha zake, pamoja na mwenyekiti aliyekuwa juu yake, akalivuta sakafuni mpaka mlangoni, ambako mikono minne ilimpokea na kumbeba hadi uani.

Wakamlaza kivulini. Alikuwa anapumua haraka haraka, uso mwekundu, macho yamefumbwa. Mshonaji alimpepea kwa kipande cha nguo ya mteja. Hakuna aliyecheka sasa. Fundi alipiga magoti kwenye mchanga na kumwomba Mungu kwa sauti, akimtajia na ile ringi.

Mama akafumbua jicho moja.

"Nani kafungua dirisha?" alisema. "Watu wataona friji."

Ndipo wakacheka. Walicheka na kulia na kushikana, na Kiu akalala chali kabisa juu ya mchanga, miguu ikipiga hewa, mpaka jirani mwenye gari alipotokea kuuliza kuna nini na kuwapeleka wote zahanati.

Daktari alimpima mama, akamwekea oksijeni, akauliza maswali. Akasema amewahiwa, chumba kile kingefungwa hadi asubuhi, wangekuwa wanazungumza mengine. Kichwa, pumzi, kuyumba, vyote vilitokana na gesi.

"Na pombe je?" Kiu aliuliza.

"Pombe ipi? Huyu mama hana hata tone."

"Rudia tafadhali, daktari," mama alisema kutoka kitandani. "Yule pale mlangoni hakusikia vizuri."

Aliyekuwa mlangoni ni Fundi. Daktari akarudia.

*

Jioni, uani, mtungi ukiwa nje penye upepo, Fundi alikoroga sabuni, akafungua valvu kidogo na kupaka povu kwenye kiungo cha regyuleta. Vipovu vikafumka vikubwa kwa vidogo. Wote walisimama wakivitazama, na mama, aliyewekewa kiti mbali kidogo, aliomba wasogee ili naye aone. Kisha pipa likanyanyuliwa, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Lilikuwa zito vilevile. Halikupungua hata kikombe.

Fundi alikuja akapiga magoti mbele ya kiti.

"Mama, mimi natafuta pancha za watu kila siku. Yangu nikaitafuta kwako. Nisamehe."

Mama alimwacha pale chini kwa muda wa kutosha magoti kumuuma.

"Inuka, baba," akasema. "Umenisingizia, na umenitoa humo. Kesho sipandi basi. Kesho nakuja kuilinda hiyo gesi mwenyewe, maana nyie hamwezi."

Na ndivyo ilivyokuwa. Jumamosi karakana ilifunguliwa, pande zote wazi, upepo ukipita kama mwenye nyumba. Mtungi ulisimama wima, umefungwa mnyororo kwenye nguzo, ringi nyeupe mpya mahali pake, na pembeni yake alikaa mwenyekiti wa vita dhidi ya ulevi, kilemba kipya, bakuli la povu la sabuni mapajani na brashi mkononi. Kila mgeni aliyekaribia alipewa somo. Hii haina harufu, alisema. Inatulia chini. Usilale nayo. Ukimaliza kumimina, funga. Mwalimu wa baiskeli alikuwepo, ameketi na jirani yake wa geti la kijani, na wote wawili walisikiliza kwa adabu.

Fundi alifungua koki. Povu likatoka kwanza, kisha bia, ya dhahabu, ikimetameta, na watu wakapiga makofi. Akashika glasi ya kwanza, akatazama huku na huku asijue ampe nani.

"Ilete hapa," mama mkwe alisema.

Mshonaji akasema taratibu, "Mama, si lazima."

"Nimeaibishwa kwa ajili yake, nimelazwa kwa ajili yake. Nijue angalau ina nini."

Akaipokea kwa mikono miwili, akagusisha midomo, akameza kiasi cha kijiko. Uso wake haukubadilika kwa muda. Kisha ulibadilika wote kwa pamoja. Akairudisha glasi mkononi mwa mkwe wake, akajifuta midomo kwa ncha ya kilemba.

"Baba, mngeionja kwanza," akasema kwa upole.

"Kwa nini, Mama?"

"Mngejua mapema kuwa panavuja. Hii hakuna mwizi angeirudia siku ya pili."

Kicheko kilianzia kwa mshonaji, kikamvaa jirani wa geti la kijani, kikaenda mpaka barabarani. Fundi alicheka kuliko wote, bia ikimwagikia viatu vyake vipya. Akampa shemeji yake aonje, atoe hukumu ya haki. Kiu alionja, akafikiri, akaomba maji.